Mikwaju Inayopotea Kabla Hujapiga

"Mjomba, unapiga kabla hujasoma."

Mpwa wangu aliniambia hivyo akiwa ameketi nyuma yangu sebuleni, baada ya kuuona mpira wangu ukizama majini kwa mara ya tatu kwenye shimo lile lile. Nilikuwa nimeshika pedi, kidole gumba kiko tayari juu ya kijiti, macho yote kwenye bendera. Pembeni mwa skrini palikuwa na taarifa nne ndogo ambazo sikuwa nimezitazama hata moja: umbali hadi shimoni, kasi na uelekeo wa upepo, mwinuko wa pale ninapolenga, na hali ya nyasi zilizolala chini ya mpira. Kila nilichohitaji kujua kilikuwa kimeandikwa pale.

Makala haya ni kwa yeyote anayecheza gemu ya gofu kwenye kompyuta au runinga na alama zake zimekwama. Pengine unamaliza mashimo 18 kwa mikwaju 90, wiki nenda wiki rudi, na hujui kinachokuzuia kushuka. Maana katika gofu anayepiga mara chache ndiye anayeshinda. Kila shimo lina pa yake, yaani idadi ya mikwaju ambayo mchezaji mzuri anatarajiwa kuitumia: mitatu, minne au mitano. Viwanja vingi vikubwa vina jumla ya pa 72 au pungufu kidogo. Ukizidisha mkwaju mmoja kwenye shimo umepata bogi, ukipunguza mmoja umepata bedi.

Anza na daftari. Gemu nyingi za siku hizi zitakushawishi ununue fimbo zenye nguvu zaidi, na mtu aliyekwama huona huko ndiko kwenye dawa. Subiri kwanza. Cheza raundi moja kamili huku ukiandika. Kwa kila shimo andika mpira wa kwanza ulitua wapi, ulifika griini (zile nyasi fupi zinazozunguka shimo) kwa mkwaju wa ngapi, ukasukuma mara ngapi hadi ukaingia, na kama ulipata adhabu. Ukurasa mmoja unatosha.

Nilipofanya hivyo mara ya kwanza nilimaliza kwa mikwaju 86 kwenye uwanja wa pa 72, ziada ya 14. Nilikuwa naamini kabisa kwamba inayoniponza ni draiva, ile fimbo ndefu ya kuanzia. Daftari likasema vingine. Mashimo matano nilifika griini vizuri kisha nikasukuma mara tatu: hapo mikwaju 5. Mara nne mpira uliingia majini: adhabu 4. Mara tatu nilikuwa hatua chache tu nje ya griini, nikachopoa mpira kwa woga ukabaki palepale nje: mikwaju 3. Draiva ilinigharimu miwili iliyobaki. Miezi mizima nilikuwa nafanya mazoezi ya kitu kisichoniumiza.

Kuna utafiti maarufu unaoweza kukupoteza hapa. Mark Broadie, profesa wa Chuo Kikuu cha Columbia, New York, alichambua mikwaju mingi mno ya wachezaji wa kulipwa wa Marekani, na katika kitabu chake cha mwaka 2014 akaonyesha kwamba karibu theluthi mbili za tofauti kati ya mchezaji bora na wa kawaida hutokana na mikwaju ya zaidi ya yadi 100. Kwenye uwanja halisi naliamini hilo. Kwenye gemu, kwa nilivyoona, mizani hugeuka. Gemu haina mgongo unaouma wala kiwiko kinachotetemeka. Akishazoea vidole vyake, hata mgeni hupiga mpira wa mbali ulionyooka. Kinachobaki kuwatenganisha watu ni hesabu ya umbali na kazi ya griini, na ndiko nitakakokaa zaidi.

Ila kabla ya hesabu, hakikisha mashine yako inakusikia. Gemu ya Golf ya Nintendo ya mwaka 1984, ambayo programu yake iliandikwa na Satoru Iwata miaka mingi kabla hajawa rais wa kampuni hiyo, ilimtaka mchezaji abonyeze kitufe kwa wakati huku alama ikitembea kwenye upau: kuanza, kukata nguvu, kisha kuugonga mpira. Mtindo huo wa kubonyeza mara tatu ungali hai. PGA Tour 2K23 iliurudisha kando ya mtindo wa kijiti, ule wa kuvuta nyuma na kusukuma mbele. Yote miwili inadai jambo moja, kwamba kidole chako na picha unayoiona viwe pamoja. Runinga nyingi hupamba picha kabla ya kuionyesha, na upambaji huo huchelewesha. Unabonyeza alama ikiwa katikati, kumbe ndani ya gemu imeshapita.

Kipimo chake ni rahisi. Nenda uwanja wa mazoezi, upepo uzime kabisa, upige mipira 20 kwa fimbo moja. Ikiwa makosa yako yametawanyika, mengine kushoto mengine kulia, tatizo ni mkono na mkono hufundishika. Ikiwa karibu yote yameangukia upande mmoja, ishuku mashine. Washa hali ya gemu kwenye mipangilio ya runinga, unganisha pedi kwa waya badala ya bluetooth, chomeka laptopu kwenye umeme isije ikajipunguzia nguvu kuokoa betri, na ushushe ubora wa picha hadi mwendo uwe laini. Fremu 60 kwa sekunde humaanisha picha mpya kila baada ya takriban milisekunde 17. Fremu 30 ni milisekunde 33, na katika upau unaokimbia tofauti hiyo inaonekana. Afadhali miti isiyo na kivuli kuliko upau unaorukaruka. Baadhi ya gemu zina sehemu ya kusawazisha mpigo kwenye mipangilio. Ipitie kabla hujailaumu mikono yako.

Wa kijiti nao wana kosa lao. Kidole gumba huvuta chini kwa mshazari bila mwenyewe kujua, kwa sababu kiungo chake kimekaa pembeni. Laza pedi juu ya paja au meza, vuta kwa ncha ya kidole badala ya ubapa wake, na mwendo wa kurudi uwe wa kasi ile ile kila mara. Usibadili kasi kwa sababu shimo ni gumu. Kasi ibaki ile ile, fimbo ndiyo ibadilike.

Sasa hesabu. Kila fimbo ina umbali wake kwa mpigo kamili, na gemu itakuandikia: weji yadi 100, aironi namba 7 yadi 165, na kuendelea. Usiziamini namba hizo kwa kichwa tu. Piga mipira kumi kwa kila fimbo bila upepo, andika ilipotua na iliposimama, maana hivyo ni vitu viwili. Mpira wa aironi ndefu unaweza kutua yadi 190 ukabingirika hadi 200. Mpira wa weji hutua ukakaa, au hata ukarudi nyuma kwa mzunguko. Anayelenga shimo kwa umbali wa kusimama, ilhali mbele ya griini kuna maji, atazama kila siku, kwa sababu maji yanajali mpira unapotua.

Kisha, juu ya umbali hadi shimoni, hesabu upepo. Kanuni ya kuanzia, inayotumiwa pia na wachezaji wa viwanja halisi, ni kuongeza asilimia moja ya umbali kwa kila maili moja kwa saa ya upepo wa mbele, na kupunguza nusu ya hapo kwa upepo wa nyuma. Upepo wa kukukabili huumiza kuliko upepo wa kukusukuma unavyosaidia, na yeyote aliyepanda baiskeli pwani wakati wa kusi amelijua hilo kwa miguu yake. Kisha ongeza mwinuko: unapolenga pakiwa juu kwa futi tatu ongeza yadi moja, pakiwa chini kwa futi tatu punguza yadi moja. Mwisho angalia nyasi. Mpira ukiwa kwenye nyasi ndefu, gemu huonyesha kwa asilimia ni kiasi gani cha nguvu kitapotea, na kwenye banka la mchanga huwa zaidi. Kanuni hizi ni mahali pa kuanzia. Kila gemu ina fizikia yake, kwa hiyo baada ya raundi tatu nne utarekebisha namba zako mwenyewe kwenye daftari lile lile.

Tuchukue shimo la kweli, la 12 la Augusta National, Georgia, ambalo limo ndani ya gemu ya EA Sports PGA Tour ya mwaka 2023. Ni pa tatu ya yadi 155 tu. Mbele ya griini kinapita kijito cha Rae's Creek. Griini yenyewe ni nyembamba na imelala kimshazari, banka moja mbele, mawili nyuma. Tuseme skrini inaonyesha upepo wa mbele wa maili 10 kwa saa na mwinuko ni sifuri. Asilimia 10 ya 155 ni kama 15, kwa hiyo shimo linakuwa la yadi 170. Mwenye aironi namba 7 ya yadi 165 atashawishika aitumie "kwa nguvu kidogo". Mimi naichukua namba 6, inayokwenda mbali zaidi, na kupiga kamili. Mkwaju ukizidi, mpira utaishia nyuma ya griini au mchangani, na kutoka hapo bado naweza kuokoa pa. Ukipungua, ni adhabu na kupiga tena ng'ambo ya maji yale yale.

Na je, ulenge wapi? Siku ya mwisho ya mashindano ya Masters ya mwaka 2019, uwanjani hapo hapo, bendera ilikuwa upande wa kulia, mahali ambapo griini ni finyu kuliko kote. Francesco Molinari, aliyekuwa anaongoza, aliingiza mpira kijitoni. Brooks Koepka, Tony Finau na Ian Poulter nao waliingiza mipira yao mle mle. Tiger Woods aliiacha bendera, akalenga juu ya banka kuelekea upana wa griini kushoto, mpira ukakaa mbali na shimo, akasukuma mara mbili na kuondoka na pa. Jioni ile alivaa koti la kijani la bingwa. Wachezaji wakubwa kabisa duniani walipoteza mikwaju pale, na sisi wa sebuleni tunaifuata bendera kila shimo kwa sababu gemu hutufungulia alama ya kulenga ikiwa imesimama juu yake. Isogeze. Kabla ya kila mkwaju wa kuingia griini, peleka alama hiyo katikati ya griini kwanza, kisha jiulize kama kuna sababu ya kuirudisha upande wa bendera. Ikiwa upande huo una maji, banka au mteremko wa kutoka nje, iache palepale.

Kitu kingine ambacho wengi hawakioni: mpigo kamili ni rahisi kuliko mpigo wa nusu. Ukiwa yadi 40 kutoka griini lazima uukate upau kwenye asilimia fulani, na kukosea kidogo tu kunakuacha futi 30 kutoka shimoni. Ukiwa yadi 100 unapiga weji kamili, nguvu zote, jambo ambalo kidole chako kimelirudia mara elfu. Kwa hiyo kuwa karibu zaidi si lazima kuwe bora zaidi. Chukua shimo la pa tano la yadi 530. Draiva yako imekwenda 280, zimebaki 250, na mbele ya griini kuna bwawa. Fimbo yako ndefu inafika 235. Wengi huipiga, wakitumaini upepo. Wewe chukua aironi ya yadi 150, ubakishe 100 kamili, kisha weji. Umefika griini kwa mkwaju wa tatu, pa iko mkononi, na bedi inawezekana. Mara nne nilizozama katika ile raundi ya 86, tatu zilikuwa za namna hiyo, na nilikuwa na nafasi pana kabisa ya kusimama nyuma ya maji.

Mipira ya kuchopoa kutoka pembezoni mwa griini naipita haraka: chagua fimbo itakayoufanya mpira utue griini mapema na kubingirika sehemu kubwa ya safari. Kuurusha juu ili utue kando ya shimo kunapendeza kwa macho, ila acha siku utakayokuwa na banka mbele yako.

Griini ndiko kwenye mavuno. Kwanza, rekebisha matarajio. Wachezaji wa kulipwa wa Marekani huingiza karibu nusu tu ya misukumo ya futi 8, na kwa futi 30 huingiza kama saba katika mia. Ukiwa futi 30, kazi yako ni kuusimamisha mpira karibu na shimo ili wa pili uingie bila mashaka. Misukumo mitatu huzaliwa pale mtu anapolazimisha futi 30 ziingie, akapitiliza kwa futi 7, kisha akakosa kurudi. Shimo la gofu lina upana wa milimita 108 tangu klabu ya R&A ya St Andrews ilipoukubali upana huo mwaka 1891, na mpira una kama milimita 43. Mpira wa mwendo wa taratibu hudondokea hata ukifika ukingoni. Mpira wa kasi hugonga mdomo wa shimo ukazunguka na kutoka, na gemu nyingi nzuri huiga hilo kwa uaminifu.

Hivyo kasi kwanza, mstari baadaye. Gemu hukuandikia umbali kwa futi na tofauti ya kimo kwa inchi. Kanuni yangu ya kuanzia ni futi moja kwa kila inchi: kupanda ongeza, kushuka punguza, kisha ongeza futi moja ili mpira usife mdomoni mwa shimo. Shimo liko futi 24 na limeinuka inchi 5: 24 na 5 ni 29, ongeza moja, piga kama vile ni futi 30. Shimo lile lile likiwa chini kwa inchi 5, piga kama futi 20. Kasi ya griini hubadili namba hizo. Kipimo chake kilibuniwa na Edward Stimpson mwaka 1935 baada ya mashindano ya US Open ya Oakmont: mfereji mdogo unaoinuliwa hadi mpira ujiachie, kisha unahesabu futi ulizobingirika. Griini yenye kipimo cha futi 12 hukimbia kuliko ya futi 9, na juu yake inchi moja ya mteremko inaweza kudai zaidi ya futi moja. Ukianza uwanja, sukuma mpira mara kadhaa kwenye griini ya mazoezi kabla ya shimo la kwanza, kama gemu inaruhusu.

Mstari sasa. Gemu nyingi hutandaza gridi juu ya griini, na juu yake vidoti vinatembea. Vinapotembea haraka mteremko ni mkali, vinapojikokota mteremko ni mdogo, vikisimama ni tambarare. Kosa la kawaida ni kutazama vidoti vilivyo karibu na mpira kwa sababu ndivyo vikubwa machoni. Hapo mpira bado una kasi na mteremko hauupati. Theluthi ya mwisho, karibu na shimo, mpira unapochoka, ndipo unapopinda. Sogeza kamera ukae nyuma ya shimo, tazama vidoti vya hapo, hesabu polepole moja, mbili, tatu huku kidoti kikivuka mraba mmoja. Kikivuka kabla hujafika mbili, lenga nje ya shimo kwa upana wa mashimo mawili matatu upande wa juu. Kikifika baada ya tatu, lenga ukingo tu. Ukikosa, andika ulikosa upande gani. Mimi niligundua nilikuwa nakosea upande wa chini karibu kila mara, maana yake nilikuwa nauona mteremko mdogo kuliko ulivyo. Nilipoongeza kipimo changu kwa nusu, zile mara tatu tatu zilishuka kutoka mashimo matano hadi moja au mawili kwa raundi.

Kuhusu mazoezi, chagua uwanja mmoja na ukae nao mwezi mzima. Kuruka kutoka uwanja hadi uwanja kunafurahisha, lakini hutajua kama umeboreka au umepata uwanja rahisi. Usibadili kiwango cha ugumu katikati, na ukizime kile kitufe cha kurudia mkwaju. Kinafuta kosa ambalo daftari lilihitaji kulijua. Ukiwa na nusu saa tu, cheza mashimo tisa kwa makini badala ya 18 kwa haraka.

Siku ambayo huna muda wa raundi, weka mpira futi 6 kutoka shimoni penye mteremko mdogo, usukume mara kumi. Kisha futi 10, kumi tena. Kisha nenda futi 30, na hapa usihesabu ilivyoingia, hesabu iliyosimama ndani ya futi 3. Andika namba tatu hizo na tarehe. Kwangu za kwanza zilikuwa 6, 3 na 4. Namba ya tatu ilipofika 8, nilimaliza raundi yangu ya kwanza chini ya mikwaju 80, na fimbo nilizotumia zilikuwa zile zile za kuanzia.